Kabla hamjaja shambani Wales

Mdogo wangu Tumaini,

Mimi mzima. Wape Baba na Mama shikamoo zangu. Nimefurahi kwamba wewe na wifi mnakuja Aprili. Mwenye shamba ameridhia mtembee, ila kazi haisimami kwa ajili ya wageni, basi someni haya mapema.

Kubwa ni viatu. Mabuti unayovaa zizini hapo Tukuyu yaache huko huko. Ugonjwa wa miguu na midomo, ambao ng'ombe wetu wengi huugua wakapona, huku haungojwi upone: mwaka 2001 Uingereza iliua mifugo zaidi ya milioni 6 ili kuuzima. Kirusi chake hubebwa hata na tope la kwenye soli. Fueni nguo, sugueni viatu, na mkishatua mkae siku 5 bila kukanyaga zizi. Nyama, samli na maziwa msibebe kabisa, sheria hairuhusu. Getini mtakuta beseni la dawa na burashi. Burashi kwanza mpaka tope litoke, ndipo mchovye. Dawa haifanyi kazi juu ya kinyesi, na wengi huchovya tu wakapita.

Wifi, kwa kuwa ni mjamzito, asisogelee kondoo. Aprili wanazaa, na maji na kondo la nyuma vinaweza kuwa na vimelea vya kuharibu mimba. Asibebe mwanakondoo hata kwa picha, wala asifue ovaroli yangu. Najua atanuna.

Wakati wa kukamua ingieni kimya. Ng'ombe akishtuka hubana maziwa. Msimtokee kwa nyuma, hapo haoni na atapiga teke; semeni kwanza, kisha mumwendee upande wa bega. Mwenye ndama mpisheni mbali. Kwenye dume msiingie, hata mkiambiwa ni mpole.

Shafti ya nyuma ya trekta, ile inayoendesha mashine, huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani 9 kila sekunde. Ikinasa mtandio au kamba ya koti, hata kupiga kelele hutawahi. Msiivuke inapozunguka.

Shimo la samadi linapokorogwa hutoa gesi yenye harufu ya yai viza. Harufu ikipotea ghafla msidhani imeisha: huenda imezidi hata pua imekufa ganzi. Kaeni mbali kabisa; nusu saa ya kwanza ndiyo mbaya zaidi. Mtu akianguka mle msimfuate, wengi hufa wakiokoa. Pigeni 999.

Geti liacheni mlivyolikuta. Lililo wazi huenda limeachwa makusudi ili ng'ombe wafike kwenye maji. Mkilazimika kulipanda, pandeni upande wa bawaba, maana upande wa komeo hupinda. Na kabla ya kula chochote, mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Ile jeli ya chupa haitoshi.

Niandikie namba za viatu vyenu niwatengee mabuti, yale madogo huwahiwa.

Dada yako