Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano: Intaneti ya nyumbani nayo ipimwe

Ilazo, Dodoma

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

YAH: KIPIMO CHA HUDUMA YA INTANETI YA NYUMBANI NA HAKI YA MTEJA INAPOKATIKA

Mimi ni mkazi wa Ilazo hapa jijini Dodoma. Kazi yangu ni kuhariri na kutafsiri ripoti, na tangu mwaka 2021 naifanyia nyumbani, jambo ambalo linaifanya intaneti kwangu kuwa kama cherehani kwa fundi nguo. Ninalipa shilingi 70,000 kila mwezi kwa huduma ya faiba, yaani intaneti inayoletwa kwa nyuzi za kioo, niliyouziwa kama yenye kasi ya megabiti 20 kwa sekunde. Ninakuandikia hadharani, badala ya kupeleka lalamiko la mtu mmoja, kwa sababu ninaamini tatizo langu halitokani na uzembe wa fundi fulani wala ukali wa mhudumu fulani wa simu, bali linatokana na jinsi huduma hii inavyouzwa kwetu bila kipimo ambacho mnunuzi anaweza kukishika mkononi.

Mwezi Februari, vibarua waliokuwa wakichimba mtaro wa bomba la maji mtaani kwetu waliukata waya wa faiba, na nyumba kadhaa zikakaa bila huduma kwa siku 9. Siwalaumu waliokata, maana Dodoma ni jiji linalojengwa na kila siku kuna mahali panachimbwa. Kilichoniumiza ni kwamba huduma yetu hulipiwa kabla ya kutumika, na katika siku zote hizo 9 kifurushi changu kiliendelea kuhesabiwa kana kwamba ninakitumia. Nilimudu kuendelea na kazi kwa kununua bando la simu kila siku, gharama juu ya gharama, na usiku mmoja nilibeba kompyuta hadi kwa jirani wa mtaa wa pili ili nitume ripoti kabla ya muda kuisha. Huduma iliporudi, kifurushi kilikuwa kimebakiwa na siku 4. Niliomba nirudishiwe siku zangu, nikajibiwa kwa heshima kabisa kwamba mfumo hauruhusu.

Nilimsimulia mdogo wangu anayeishi Leeds, Uingereza, naye akashangaa kuliko nilivyotarajia, kwa sababu kwake jambo hilo lina jibu. Tangu Aprili 2019, chini ya usimamizi wa Ofcom, ambayo ni mamlaka ya mawasiliano ya huko, kampuni kubwa zilizojiunga na utaratibu wa fidia humlipa mteja bila yeye kuomba. Laini ikifa na isitengenezwe baada ya siku 2 kamili za kazi, fidia huanza kuhesabiwa kwa kila siku inayoongezeka. Utaratibu ulipoanza ilikuwa pauni 8 kwa siku, na fundi aliyeahidi kufika asifike aliigharimu kampuni yake pauni 25. Fedha hizo huwekwa kwenye ankara ya mteja. Naomba uzingatie, Ndugu Mkurugenzi Mkuu, kwamba ninachokitamani katika mfano huu si pauni 8. Ninatamani mfumo wa kompyuta unaojua kwamba laini imekufa uwe pia unajua kusimamisha siku za kifurushi. Kampuni inayoweza kunikatia huduma ndani ya dakika moja baada ya muda wangu kuisha haiwezi kushindwa kitaalamu kunirudishia siku ambazo yenyewe haikunipa huduma.

Baada ya tukio hilo nilianza kupima. Kwa majuma 6 nilipima kasi mara mbili kwa siku, kompyuta ikiwa imechomekwa kwa waya kwenye ruta, kifaa kinachogawa intaneti ndani ya nyumba, ili lawama isiangukie kuta za nyumba yangu, na nikayaandika matokeo katika daftari. Saa 12 asubuhi nilikuwa nikipata megabiti 18 au 19, na kwa hilo ninaishukuru kampuni. Saa 3 usiku, wakati watoto wa mtaa mzima wamerudi nyumbani na binti yangu, ambaye yuko chuoni, anataka kufuatilia mihadhara yake, nilikuwa nikipata megabiti 3, siku nyingine 2, na jioni chache hazikufika hata 1. Mkataba wangu unasema "hadi megabiti 20", na neno hilo "hadi" ndilo linalobeba mzigo wote, kwa kuwa megabiti 2 nazo zimo ndani ya "hadi 20".

Wapo watakaosema kwamba tatizo ni mikongo ya baharini, na kweli hatukusahau Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika kwa pamoja na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora. Lakini jioni nilizopima mimi hazikuwa na habari ya mkongo kukatika, na asubuhi ya kila siku iliyofuata kasi ilikuwa imerudi. Wengine watasema faiba ya mtaani imeelemewa. Katika mfumo wa faiba unaotumika sana kwa majumbani, uzi mmoja hutoka kituoni ukiwa na uwezo wa karibu megabiti 2,500 kwa sekunde, kisha hugawanywa kwa nyumba 32 au 64. Kama mfumo wetu ni huo, basi nyumba 64 zilizonunua megabiti 20 kila moja, hata zote zikitumia kwa wakati mmoja, zinahitaji megabiti 1,280, yaani kama nusu tu ya uwezo wa uzi. Ndiyo maana ninashuku kwamba kinachobana kiko mbele zaidi, katika kiasi cha uwezo ambacho mtoa huduma amekikodi ili kutuhudumia sisi sote, akilinganisha na idadi ya wateja aliowauzia. Kugawana uwezo si kosa. Hakuna nchi ambako kila nyumba imetengewa njia yake peke yake hadi baharini. Kosa ni kugawana bila kumwambia mnunuzi amegawana na wangapi, na atabakiwa na nini saa ambazo kila mtu yuko nyumbani.

Nchi nyingine zimelishughulikia hilo kwa njia tofauti, na si zote ni nchi zenye intaneti ya kusifika. Uingereza, tangu Mei 2018, tangazo la biashara haliruhusiwi kutaja kasi ambayo haipatikani kwa angalau nusu ya wateja kati ya saa 2 na saa 4 usiku. Yaani wamechagua kupima saa mbaya badala ya saa nzuri. Ujerumani, ambako kaya nyingi bado zinatumia waya za shaba za simu na watu hulalamika kama sisi, sheria iliyoanza kutumika Desemba 1, 2021 inamruhusu mteja kupima laini yake kwa programu rasmi ya mamlaka ya udhibiti, na akithibitisha kwamba anapata pungufu mara kwa mara, ana haki ya kupunguza malipo kwa kiasi cha upungufu au kuvunja mkataba. Marekani, ambako intaneti ya nyumbani ni ghali na familia nyingi hazina kampuni zaidi ya moja au mbili za kuchagua, mwaka 2024 kampuni zililazimishwa kuweka lebo inayofanana na ile ya virutubisho kwenye pakiti ya chakula, ikionyesha bei ya mwezi, ada za ziada, kasi ya kawaida ya kupakua na kupakia, na kiwango cha data. Mfano wa Ujerumani ndio unaonigusa zaidi, kwa sababu pale daftari kama langu ni ushahidi.

Wala sisi hatuhitaji kujifunza ughaibuni maana ya kipimo. Wakala wa Vipimo hukagua mizani za masokoni na pampu za mafuta. Serikali imepiga vita lumbesa kwa miaka mingi, kwa hoja sahihi kwamba gunia lisilo na uzito unaojulikana humwibia mkulima. Mkulima wa Kongwa anayepeleka mahindi Kibaigwa anataka auone mshale wa mizani kabla hajapokea fedha. Kila mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta, na dereva wa bodaboda wa Chang'ombe anajua lita moja isizidi shilingi ngapi. Mimi ninayenunua megabiti sina mshale wa kuutazama. Nina tangazo tu.

Nije kwenye bei, ambayo ndiyo watu huanza nayo wanapolinganisha nchi na nchi. Nimekuwa nikiona orodha zinazopanga mataifa kwa dola, na Tanzania ikikaa mahali si pabaya sana, na baadhi ya watu huridhika hapo. Dola peke yake hupotosha. Mwaka 2018, tume ya kimataifa ya intaneti ya kasi, iliyoanzishwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya ITU na UNESCO, iliweka lengo kwamba ifikapo 2025 huduma ya kuanzia katika nchi zinazoendelea isizidi asilimia 2 ya pato la wastani la mtu kwa mwezi. Tanzania iliingia kundi la kipato cha kati cha chini Julai 2020 kwa pato la wastani la dola 1,080 kwa mwaka, sawa na dola 90 kwa mwezi. Asilimia 2 yake ni dola 1 na senti 80. Lengo lile linahusu kifurushi kidogo cha kuanzia na si faiba isiyo na kikomo, kwa hiyo sitalinganisha vitu viwili visivyolingana. Lakini ninacholipa mimi ni zaidi ya mara 10 ya kiasi hicho, na ndiyo sababu majirani zangu wengi wanaendesha nyumba nzima kwa bando la simu moja ya baba au mama, na simu hiyo ikitoka kwenda kazini, mtandao wa nyumba umetoka nao. Najua kwamba ndani ya bei imo kodi ya ongezeko la thamani na ushuru wa bidhaa, na kwamba viwango vyake hupangwa Bungeni na si ofisini kwako.

Hata hivyo utajiri si maelezo yote ya bei. Romania ni miongoni mwa nchi zenye kipato cha chini katika Umoja wa Ulaya, lakini intaneti yake ya nyumbani imesifika kwa miaka mingi kwa kasi na unafuu, na chanzo kimojawapo ni vijana waliovuta nyaya wenyewe kutoka ghorofa hadi ghorofa, wakashindana mtaa kwa mtaa kabla kampuni kubwa hazijawanunua. Ufaransa ililazimisha mmiliki wa laini za shaba kuwaruhusu wengine kuzitumia, na mwaka 2002 kampuni ya Free ikaingia kwa euro 29.99 kwa mwezi, bei ambayo washindani walilazimika kuifuata. Jiji la Stockholm lilianzisha Stokab mwaka 1994, kampuni ya jiji inayotandaza faiba na kuikodisha kwa yeyote anayetaka kutoa huduma, ili barabara isichimbwe mara tano kwa ajili ya kampuni tano. Hapo ndipo ninapoitazama Dodoma kwa matumaini na kwa wasiwasi pia. Barabara ya mzunguko wa nje ya kilomita 112.3, mitaa mipya ya Iyumbu, Nzuguni na Mtumba, yote haya yanajengwa katika kizazi chetu. Bomba tupu la kupitishia nyaya likifukiwa wakati barabara inajengwa hugharimu kidogo kuliko kuja kuvunja lami baadaye, na likiwa la wote, mkazi wa Mkonze au Nala hatalazimika kungoja kampuni moja iamue kama mtaa wake una faida. Hili linahitaji ofisi yako ikae na TANROADS, TARURA na Halmashauri ya Jiji, na ninaomba lifanyike kabla mitaro haijafukiwa.

Ombi langu kubwa, lakini, halihitaji lami wala bajeti ya mabilioni. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ipo, na kanuni za mwaka 2018 za ubora wa huduma na za kumlinda mlaji zipo. Ninaomba kwamba, kwa mamlaka hayo, kila mkataba wa intaneti ya nyumbani utaje kasi ya chini ambayo mteja atapata kati ya saa 2 na saa 4 usiku, iwe ni faiba au ruta ya laini ya simu, na neno "hadi" lisiruhusiwe kusimama peke yake. Ninaomba siku ambazo huduma haipo zirudi kwenye kifurushi zenyewe, bila mteja kupiga simu. Ninaomba pia Mamlaka itoe programu rasmi ya kupima, kwa Kiswahili, ambayo matokeo yake kampuni italazimika kuyapokea kama ushahidi, na takwimu zake zitangazwe kata kwa kata, ili mtu anayehamia Dodoma kikazi ajue, kabla hajapanga nyumba Kisasa au Nkuhungu, ataweza kufanya kazi usiku au la.

Daftari langu la vipimo vya majuma 6, likiwa na tarehe na saa ya kila kipimo, pamoja na nakala ya mkataba na risiti za malipo, nitaliwasilisha katika Ofisi ya Kanda ya Kati hapa Dodoma, na niko tayari kuitwa kulieleza.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Ilazo, mteja wa intaneti ya nyumbani

Nakala: Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano