Mnaoajiri wasimamizi wa wadi, mkisaili wanawake ulizeni maji kwanza

Mhariri,

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii kisiwani Pate, Lamu, pwani ya Kenya, huu mwaka wa kumi na sita. Watu huniita daktari, nami nilishachoka kuwasahihisha. Naandika kwa ajili ya swali moja nililoulizwa kwenye usaili.

Nafasi ilikuwa ya msimamizi wa wadi ya kaunti, si ya hospitali, kazi iliyowekwa na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Mzee mmoja wa jopo akapekua vyeti vyangu, akanitazama juu ya miwani: "Dada, wewe ni mtu wa sindano. Utawala umeujulia wapi?" Wenzake wakacheka. Nikajibu kwa adabu, tena vibaya. Jibu lenyewe lilinijia nikiwa mashuani, narudi.

Kwetu siku ya chanjo haipangwi kwa kalenda ya ukutani. Kujaa na kupwa kwa maji ya bahari huchelewa kama dakika 50 kila siku, na siku za bamvua, yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, ikifika saa nne asubuhi yamekupwa, mashua zimelala ubavu kwenye tope la mikoko. Basi natazama mwezi ndipo niweke tarehe: chanjo zikae kati ya nyuzi 2 na 8, kina mama wa mashambani wawahi, nahodha apate maji ya kurudia. Nikikosea hesabu, barafu inayeyuka na dozi zinatupwa.

Mwaka juzi jabia la msikiti, birika kubwa la maji ya mvua, lilijaa viluwiluwi vya mbu. Wazee hawakutaka liguswe. Maji ya mvua ni rehema, hayatiwi kitu. Sikubishana nao. Nilichota glasi moja, nikaiweka dirishani penye mwanga, nikawaacha watazame wale wadudu wakipiga mbizi. Mzee mmoja, aliyekuwa mkali kuliko wote, akauliza, "Na haya ndiyo tunayosukutulia?" Kabla ya magharibi wavu wa kufunikia jabia ulikuwa umeshanunuliwa. Kama huo si utawala, nielezwe utawala ni upi.

Na mtoto akizaliwa zahanati, notisi ya kuzaliwa tunaijaza sisi. Bila karatasi ile cheti ni shida, na bila cheti kitambulisho ni mateso. Sisi tulio karibu na mpaka wa Somalia hatuhitaji kusimuliwa. Stoo ya dawa, zamu, vikao vya kamati ya kituo, yote mikononi mwa wauguzi, na wengi wetu ni wanawake. Tangu 2013 zahanati ziko chini ya kaunti, kwa hiyo mimi na msimamizi wa wadi tunalipwa na mwajiri mmoja. Kwa nini basi miaka ya kusimamia kituo isihesabiwe kuwa uzoefu? Katiba, kifungu cha 27, inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa. Hiyo theluthi iliyobaki haitashuka na mvua. Ianze kutafutwa zahanati, na tangazo la kazi libandikwe mlangoni petu, pale mabinti wanapopanga foleni na watoto mgongoni.

Lakini kilichoniuma zaidi si lile swali. Usaili uliwekwa ng'ambo, bara, saa mbili asubuhi, siku ambayo maji hukupwa alfajiri. Mimi nilitangulia jana yake nikalala kwa shangazi Lamu mjini. Binti mmoja wa Siyu, niliyemhimiza mwenyewe aombe nafasi ya chini yangu, ana mtoto wa miezi minne na hana shangazi mjini. Alitoka alfajiri akakuta mlango wa bahari umekauka. Kwenye faili bila shaka ameandikwa "hakufika".

Nafasi zikitangazwa tena nitaomba, naye nimemwambia aombe. Usaili wa watu wa Pate ufanywe Faza, huku huku kisiwani, tunakofika kwa pikipiki. Ikishindikana, kabla ya kuandika saa kwenye barua, jopo limpigie simu nahodha yeyote.

Muuguzi,
Kisiwani Pate, Lamu