Ndege Aliyeonwa na Ali

Mwanangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sote wazima, na baba yako anakusalimu. Nimefurahi kusikia umefika Amani salama, na kwamba jioni kazi ikiisha unasoma kitabu cha Alfred Russel Wallace, yule Mwingereza mtaalamu wa viumbe, kuhusu visiwa vya Malay, yaani Indonesia na Malaysia za leo. Nilikisoma nikiwa na umri kama wako, na kuna ukurasa mmoja nataka uusome polepole.

Unajua Wallace alizunguka visiwa vile kuanzia 1854 hadi 1862, akarudi Uingereza na sampuli 125,660 za wadudu, ndege, konokono na wanyama wengine. Hiyo si kazi ya mikono miwili. Kitabu kilitoka 1869, na ninampenda mwandishi wake kwa sababu haoni haya kusema anavyohisi. Anapomnasa kipepeo mkubwa wa rangi ya chungwa kisiwani Bacan, anaandika kwamba moyo ulimwenda mbio, damu ikampanda kichwani, akakaribia kuzimia, na kichwa kikamuuma siku nzima iliyobaki.

Ukurasa wangu ni wa kisiwa hichohicho, Oktoba 1858. Yumo Ali, kijana wa Kimalay aliyechukuliwa Sarawak, kisiwani Borneo, ili amtumikie Wallace na kumsaidia kujifunza Kimalay. Kufikia wakati huo Ali alikuwa anapika, anaendesha mashua, anawinda ndege, anawachuna na kuzitengeneza ngozi zao vizuri. Siku hiyo anamwonyesha bwana wake ndege wa ajabu: kifuani ana manyoya ya kijani yanayometa, na kila bega limechomoza manyoya mawili marefu meupe. Wallace anayashangaa, hayaelewi. Ali ndiye anayemweleza kwamba ndege huyasimamisha mwenyewe anapopigapiga mabawa.

Hebu tulia hapo, mwanangu. Ali alikuwa amemtazama yule ndege akiwa hai, akaona afanyavyo, akakumbuka. Kwangu mimi huo ni utafiti kamili. Wallace akatambua kuwa ni ndege wa peponi wa aina mpya kabisa, na mwaka uliofuata George Robert Gray wa Jumba la Makumbusho la Uingereza akampa jina la kisayansi: *Semioptera wallacii*. Ali hayumo katika jina hilo. Tunajua habari zake kwa kuwa Wallace alikuwa mwungwana wa kumwandika, na walipoagana Singapore 1862 alihakikisha kijana amepigwa picha. Wasafiri wengi wa zama zile waliandika tu "watu wangu", basi, wakapotea wote.

Mwaka 1907 Mmarekani Thomas Barbour, naye mtaalamu wa wanyama, alikutana kisiwani Ternate, katika visiwa vilevile, na mzee aliyejitambulisha kuwa ni Ali Wallace. Miaka arobaini na mitano ilikuwa imepita. Kila nikifikiria hilo, machozi hunilengalenga.

Sasa nina ombi. Katika barua yako umenieleza kuhusu mzee anayewaongoza msituni, ambaye huwatambua ndege kwa sauti kabla ninyi hamjainua darubini. Hukuniambia anaitwa nani. Muulize jina lake kamili na namna anavyopenda liandikwe, uniletee. Na kwenye daftari lako la kazi liweke kando ya kila ndege aliyekuonyesha yeye, pamoja na tarehe na maneno yake kama alivyoyasema.

Kula vizuri, na usiache kulala ndani ya chandarua.

Mama yako akupendaye