Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Tamasha la Kinanda na Kwaya

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti aeleze shughuli zote za mwaka. Mwaka huu shughuli ilikuwa moja. Semina ya kusoma nota haikufanyika, na ziara ya Bagamoyo tuliiahirisha mara mbili mpaka tukaona aibu kuitangaza tena. Nguvu zote, na fedha karibu zote, ziliishia kwenye tamasha la Novemba. Wapo kati yenu walioniambia usoni kwamba tulikosea. Niwaeleze lilivyokwenda, halafu mtaamua wenyewe.

Ugomvi ulianza na kinanda. Kile cha mabomba pale kanisani kilikuwa kimeachwa kwa muda mrefu, kikipigwa kwa woga siku za sikukuu tu. Baadhi ya wajumbe walitaka tununue cha umeme, kiwekwe kwenye stendi, mambo yaishe. Mimi nilikuwa upande wao, na naomba iandikwe hivyo kwenye kumbukumbu. Aliyenigeuza ni fundi. Alinipandisha ngazi hadi nyuma ya mabomba, akanishikisha tochi, akanionyesha ngozi ya mvukuto, ule mfuko unaoyapa mabomba hewa, iliyotafunwa na panya. Akaziba tundu kwa kiganja, kisha akampigia kelele kijana aliyekaa kwenye kinanda abonyeze. Bomba lililokuwa likikoroma likaimba. Nilishuka ngazi nimeshahama kambi.

Kwa walioulizia kwa nini fundi alilipwa kazi ya usiku: mabomba mengi hutoa sauti kama filimbi, na hewa ikipata joto sauti yake hupanda. Mengine yana ulimi ndani, kama zumari, na hayo hayapandi pamoja na wenzake. Ukirekebisha asubuhi kukiwa na ubaridi, jioni kanisa likijaa watu utasikia kinanda kinagombana chenyewe kwa chenyewe. Kwa hiyo alikuja saa 12 jioni, akawasha taa zote, akafanya kazi katika joto lile lile la tamasha. Unyevu wa pwani ni jambo lingine. Mbao hufura, kibao kikibonyezwa hakirudi, na nota inabaki ikilia hata mpigaji akiondoa mkono. Kwenye mazoezi ya Ijumaa ilitokea mara mbili. Siku yenyewe haikutokea, na sijui nimshukuru nani.

Wageni wetu, kwaya ya chuo kikuu, walishuka stendi ya Mbezi Alhamisi usiku, vijana 34 na mwalimu wao. Sisi tulikuwa tumekodi Coaster moja. Hesabu hiyo ilikuwa yangu na ilikuwa mbaya: sauti ya nne nzima ilipanda daladala, ngoma mapajani. Kina mama wa kamati ya chakula waliwawekea pilau hadi saa 6 usiku. Asanteni sana.

Programu ilifunguliwa na kinanda peke yake, Toccata na Fuga ya Bach katika D ndogo. Wapo wataalamu wanaoshuku kama kweli ni ya Bach. Watoto wa benchi la mbele hawakuwa na shaka yoyote. Mabomba ya besi yalipoingia walishika benchi kwa mikono miwili. Kisha vijana wakaimba sehemu za Misa Baba Yetu ya Padre Stephen Mbunga, yule padre wetu aliyetoa kitabu juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu mwaka 1963. Mwaka huo huo Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulisisitiza kwamba kinanda cha mabomba kiheshimiwe sana, na kwamba muziki wa mataifa nao upewe nafasi yake. Kwetu Misa hiyo iliimbwa kwa ngoma na kayamba, kinanda kikinyamaza, na kwa maoni yangu hapo ndipo kwaya ilipoimba kwa raha kuliko mahali pengine popote.

Sasa lile la umeme, maana kila mtu analisimulia kivyake. Walikuwa katikati ya Ave verum corpus ya Mozart, wimbo mfupi aliomtungia rafiki yake, mwalimu wa kwaya wa Baden, Juni 1791, miezi michache kabla ya kufa. Taa zikazimika. Mota ya upepo ikakata, na mvukuto ukabaki na pumzi ya sekunde chache. Kinanda kikalegea taratibu kama mtu anayepitiwa na usingizi huku anaongea. Kwaya haikusita. Mwalimu wao hawakumwona tena, wakaendelea kwa kusikilizana. Kabla hawajamaliza umeme ukarudi, mota ikanguruma, sote tukamgeukia mpiga kinanda. Mzee alikaa mikono magotini mpaka neno la mwisho. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakuingia, alisema, "Walishashuka nusu toni, mwenyekiti. Ningeingia, ningewaumbua."

Tulifunga kwa Haleluya ya Handel. Nusu ya watu walisimama, nusu wakakaa wakiwatazama waliosimama. Hadithi ya mfalme wa Uingereza kusimama aliposikia wimbo huo haina ushahidi wa maana, kwa hiyo asinuniwe mtu.

Fedha atazisoma mweka hazina. Mimi niseme tu kwamba kiingilio hakikurudisha gharama za fundi, na waliopita mlango wa nyuma kwa kisingizio cha kubeba viti walikuwa wengi kuliko viti.

Kamati inaleta maombi mawili. La kwanza, jenereta ya kukodi iwe kwenye bajeti ya kila tamasha. La pili ndilo kubwa: mpiga kinanda wetu ni mmoja, ana miaka 71, na akisafiri kinanda kinafungwa. Tunaomba ada za mwaka ujao zilipie mafunzo ya vijana wawili chini yake. Wanaotaka ziara ya Bagamoyo badala ya hilo watapewa nafasi ya kusema kabla ya kura.

Mwisho, mafaili 11 ya nota za wageni hayajarudi. Mwalimu wao amenipigia simu mara tatu. Aliyenalo naomba alikabidhi kwa katibu leo kabla ya chai.