Barua kwa wanangu wenye paswedi kichwani

Wanangu mnaobeba rasilimali watu peke yenu kwenye taasisi za watu 20 au 30,

Juzi nilikwenda Mbagala kumpa hongera binti niliyemlea kikazi. Mtoto ana siku tisa. Nikamkuta kamlaza mapajani, laptopu juu ya mto, anajaza ritani, ile fomu ya taarifa ya kodi ya mishahara. "Shikamoo mama, samahani, nimalizie, keshokutwa tarehe 7, ndiyo mwisho wa kuwasilisha." Huyu ndiye anayewahesabia wenzake likizo! Sheria ya ajira inampa siku 84 za likizo ya uzazi, tena inakataza mzazi kufanya kazi wiki sita za kwanza mpaka daktari aridhie. Anaijua kwa vifungu.

Nikauliza, mhasibu je? "Paswedi ninayo mimi tu." Akatabasamu kidogo. Lile tabasamu ndilo lililoniudhi. Mnapenda mno kuambiwa bila fulani ofisi haiendi.

Nami nilipenda. Nilipofiwa na baba nilikuwa Rombo, mtandao haushiki mpaka upande kichuguu nyuma ya migomba, nimesimama huko na kanga ya msiba nawasomea ofisini namba za akaunti. Nikakosea tarakimu moja, mlinzi wetu akakaa siku nne bila mshahara. Niliporudi alinipa pole kwanza, mikono yote miwili, ndipo akauliza hela yake. Niliona haya mpaka leo.

Basi mfundisheni mtu wa pili. Mhasibu, karani, yeyote mwenye kutunza siri. Afunguliwe akaunti yake, mwezi mzima afanye yeye, wewe kaa pembeni umtazame. Na uvumilie, atakuwa mzito.

Mengine mnayajua. Likizo isiombwe koridoni. Mikataba inayokaribia kuisha iandikwe ukutani. Kikao cha nidhamu, muhtasari siku hiyohiyo, maana aliyeachishwa ana siku 30 za kufika CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kulalamika, na wewe utakuwa umeshasahau nani alisema nini.

Nanyi wakurugenzi, nani aliwaambia afisa utumishi ndiye wa kuagiza keki, kukusanya rambirambi na kumtafuta fundi wa kiyoyozi? Halafu mnashangaa mafaili hayajakaa sawa.

Yule binti nilimwambia ampigie mhasibu palepale. Akapiga. Mhasibu hakujua hata ritani inafunguliwa wapi. Wakaanzia hapo, mtoto nimempakata mimi.

Mama yenu, mstaafu