Rangi Inabanduka Chini ya Ukuta? Usikimbilie Kopo Jingine

Mteja wetu wa Kigamboni alipiga simu akitaka "rangi kali kuliko zote". Sebule yake ilikuwa imepakwa mara tatu, na kila masika yakiisha rangi inavimba kuanzia juu ya marumaru hadi usawa wa goti. Tulipokwangua kwa kisu, ukadondoka unga mweupe. Wengi hapa Dar huuita fangasi. Fangasi mara nyingi ni weusi au kijani, tena wananuka. Ule unga ulikuwa chumvi.

Tofali la saruji hunyonya maji ya ardhini kama utambi wa kibatari. Maji yanapanda na chumvi ya udongo, au ya mchanga wenyewe kama ulichotwa karibu na bahari. Yakifika juu ya ukuta yanakauka, chumvi inabaki, inaganda na kusukuma rangi. Ukiziba kwa rangi ya mafuta, unyevu unapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea.

Jipsamu nayo inaponza wengi. Mafundi tunaipenda kwa skimu, yaani tabaka jembamba la mwisho la kulainisha ukuta: laini, inakauka upesi, chumba kinaisha siku hiyohiyo. Ikilowa, inalainika na kubanduka. Sisi wenyewe tuliwahi kuipiga kwenye ukuta uliopakana na bafu. Tukarudi kurekebisha kwa hela yetu. Siku hizi jipsamu ni ya dari na kuta kavu za ndani tu. Bafuni na nje tunapiga saruji nyeupe.

Kabla hujanunua chochote, chukua kipande cha nailoni angavu, futi moja kwa futi moja, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne. Kiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumbani, ni hewa yetu ya pwani hii, fungua madirisha.

Kwa yule mteja matone yalikuwa ukutani. Tukazunguka nje: udongo wa bustani ulikuwa umejazwa hadi kupita usawa wa jamvi (sakafu ya zege) la ndani, na maua yanamwagiliwa kila jioni. Kazi kubwa ikawa ya koleo. Tulishusha udongo, tukabandua lipu hadi kwenye tofali, tukasugua chumvi kwa brashi kavu (ukiosha kwa maji unairudisha ndani), tukaacha ukuta ukauke wiki kadhaa. Lipu mpya ilipigwa kwa mchanga wa mto, ikakaa siku 28 ndipo ikapakwa rangi. Ya maji, ya kawaida kabisa.

Ndiyo maana hatutaji bei kwenye simu. Tunakuja kwanza kuuona ukuta, ndani na nje. Na kama ndiyo kwanza unajenga, kabla fundi hajapanga tofali la kwanza juu ya msingi, muulize mkanda wa kuzuia unyevu uko wapi.