Barua ya Wazi kwa Vijana wa Unahodha: Usomeni Ushindi wa Nagumo

Kwa vijana wote mnaosomea unahodha Mombasa, Dar es Salaam na Unguja,

Wanangu, salamu ziwafikie popote mlipo.

Nawaandikia kuhusu Makamu Admirali Nagumo Chuichi wa Jeshi la Wanamaji la Japani, kwa sababu nimesikia mkimjadili, na kila mara mjadala wenu huanzia na kuishia Midway, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki, pale alipopoteza katika Vita vya Pili vya Dunia meli nne za kubeba ndege kwa siku moja. Mmoja wenu humwita mwoga, mwingine humwita mzembe, kisha watu hutawanyika. Mimi nawashauri muache kidogo habari za kushindwa kwake, muusome ushindi wake, hasa ule alioupata katika bahari yetu hii ya Hindi mwezi Aprili 1942. Humo ndimo lilimokuwa kosa lililomwangusha baadaye, na hakuna aliyelishughulikia kwa uzito uliostahili kwa sababu siku ile mambo yaliishia vizuri.

Nagumo alizaliwa mwaka 1887 katika mji wa Yonezawa, akahitimu chuo cha wanamaji mwaka 1908, akiwa wa nane katika darasa la watu 191. Fani yake ilikuwa topido, yaani kombora liendalo chini ya maji, na katika fani hiyo aliheshimiwa. Aliongoza kruza kadhaa, yaani meli za kivita za ukubwa wa kati, na manowari kubwa Yamashiro. Aprili 1941, Japani ilipokusanya meli zake za kubeba ndege chini ya amri moja, uongozi alipewa yeye kwa sababu ya ukubwa wa cheo na zamu ya kupandishwa, si kwa sababu alijua ndege. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Hapa nahodha alikuwa mmoja, ila mambo ya ndege aliyaegemeza kwa msaidizi wake Genda Minoru, na yeye akabaki na kazi ya kukubali au kukataa. Sioni aibu katika kuongoza jambo usilolisomea, kwani maisha ya kazi humfikisha mtu huko. Lakini mtu wa namna hiyo, kuliko mwingine yeyote, anahitaji kuuliza kila baada ya safari: nilivuka kwa ujuzi wangu, au bahari ilinisamehe?

Pearl Harbor, kituo cha wanamaji wa Marekani huko Hawaii, sitaichambua sana, maana hiyo mnaijua. Tarehe 7 Desemba 1941 meli zake sita zilirusha ndege zipatazo 350 katika mawimbi mawili, Wamarekani 2,403 wakafa, naye akapoteza ndege 29 tu. Akageuza, akarudi, akaacha matangi ya mafuta na karakana za bandari bila kuguswa. Wanaomwita mwoga hushikilia hapo. Mimi nasema hukumu hiyo imetolewa na watu wanaojua mwisho wa kisa. Yeye hakujua meli za kubeba ndege za Marekani ziko wapi, alikuwa mbali na nyumbani, na alikabidhiwa meli ambazo taifa lake lisingeweza kuzijenga upya kwa haraka. Ningekuwa mahali pake, huenda nami ningegeuza.

Sasa njooni Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, wakati ule koloni la Waingereza. Asubuhi ya tarehe 5 Aprili 1942, akiwa na meli tano za kubeba ndege, Nagumo aliishambulia bandari ya Colombo. Fuchida Mitsuo, aliyeongoza ndege angani, akapendekeza shambulio la pili. Ndege za akiba zilikuwa zimebaki kwenye meli, baadhi zimefungwa topido kwa ajili ya kupiga meli za adui. Nagumo akaamuru topido zivuliwe, yafungwe mabomu ya kupiga nchi kavu. Kazi ikiwa katikati, ndege ya upelelezi ikatoa habari kwamba imeona meli za Waingereza baharini. Amri ikageuzwa: rudisheni topido. Fikirieni hali ya karakana chini ya sitaha, mafundi wanavua kile walichotoka kufunga, vyombo vizito vinasukumwa huku na huko, mafuta yamo ndani ya ndege. Muda ukapotea. Mwishowe ndege za kushambulia kwa kupiga mbizi, zikiongozwa na Egusa Takashige, zilikwenda peke yake, zikazizamisha kruza Cornwall na Dorsetshire kwa muda wa dakika 20 hivi. Mabaharia 424 walikufa. Meli zile hazikuwa na ndege za kuzilinda, na hakuna aliyekuja kumpiga Nagumo wakati karakana zake zimevurugika.

Siku nne baadaye, tarehe 9, alipiga Trincomalee, akaizamisha Hermes, meli ya kubeba ndege ya Waingereza. Siku hiyohiyo ndege tisa za mabomu za Waingereza, aina ya Blenheim, zilifika juu ya meli yake mwenyewe, Akagi, bila kuonwa. Walinzi walishtukia mabomu tayari yanaanguka majini kando ya meli. Hakuna lililogonga.

Hesabuni hapo. Ndani ya siku tano bahari ilimwonyesha Nagumo mambo mawili: kwamba kubadilisha silaha katikati ya vita humwacha bila ngumi wakati anaouhitaji, na kwamba meli zake, zisizokuwa na rada, zinaweza kufikiwa kutoka juu pasipo mtu kujua. Waingereza waliosalia walikuwa wamekwisha kujiondoa mbele yake, na manowari zao za mwendo wa polepole zikaja kujisitiri hapa Kilindini. (Kitengo chao cha kufumbua ujumbe wa siri wa Wajapani nacho kilihamia Mombasa, kikafanyia kazi katika shule ya Allidina Visram, jambo ambalo wengi wenu mnapita mbele yake bila kulijua.) Nagumo alirudi Japani akiwa mshindi. Tarehe 27 Mei kikosi kiling'oa nanga tena kwenda Midway, na utaratibu wake haukuwa umebadilika kiasi cha kuzuia hali ileile isirudi. Kwa haki yake, muda ulikuwa mfupi na watu walikuwa wamechoka. Lakini ushindi nao ulilipoza swali.

Asubuhi ya tarehe 4 Juni alirusha ndege 108 kupiga kisiwa cha Midway. Kiongozi wao, Tomonaga, akatoa taarifa kwamba shambulio la pili linahitajika. Saa moja na robo asubuhi Nagumo akaamuru topido zivuliwe, yafungwe mabomu. Haikupita nusu saa, ndege ya upelelezi ya kruza Tone ikaripoti meli za adui, naye akasimamisha kazi. Mnaona? Ni amri zilezile za Colombo, karibu kwa mpangilio uleule. Admirali Yamaguchi Tamon, aliyekuwa kwenye Hiryu, mojawapo ya meli nne za kubeba ndege za Nagumo, alimsihi arushe alichonacho mara moja. Nagumo akachagua kwanza kupokea ndege zinazorudi, kisha apange shambulio kamili kwa utaratibu. Kiasi cha saa nne na dakika ishirini na kitu, ndege za Enterprise na Yorktown, meli za kubeba ndege za Marekani, zilishuka kutoka juu bila kuonwa kwa wakati, na katika muda wa dakika chache Akagi, Kaga na Soryu zikashika moto, huku mabomu yaliyovuliwa yakiwa hayajarudishwa ghalani. Hiryu ilipigwa alasiri. Wajapani zaidi ya 3,000 walikufa.

Baada ya hapo majeruhi walitengwa ili habari isivuje, na wananchi wakatangaziwa hasara ndogo kuliko ilivyokuwa. Nagumo alipewa kikosi kingine. Oktoba 1942, karibu na visiwa vya Santa Cruz, watu wake walichangia kuizamisha Hornet, meli ya kubeba ndege ya Marekani, wakahesabiwa washindi, lakini Japani ilipoteza wanaanga zaidi ya 140 wenye uzoefu ambao haikuweza kuwapata tena. Ushindi mwingine wa kuusoma kwa kalamu nyekundu.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni la kazi, si la maneno. Siku mtakapokuwa zamu kwenye daraja la meli, mkaponea chupuchupu, mkafika gatini salama na mwenye mali akafurahi, liandikeni jambo hilo katika kitabu cha safari kwa ukamilifu uleule ambao mngeuandikia ajali. Andikeni nani aliona, nani hakuona, amri ipi ilitolewa kisha ikageuzwa, na ilichukua dakika ngapi. Kisha msomeeni nahodha hata kama anataka kwenda kulala. Na ninyi mtakapokuwa manahodha, msiende kulala.

Machi 1944 Nagumo alipelekwa kisiwa cha Saipan kuongoza kikosi kilichokuwa na jina kubwa na meli chache. Wamarekani walitua tarehe 15 Juni. Tarehe 6 Julai alijiua, na katika siku zile raia wengi wa Kijapani, wakiwamo akina mama na watoto, walijirusha kutoka kwenye majabali ya kisiwa hicho. Serikali yake ilimpandisha cheo baada ya kufa, akawa admirali kamili. Mkitaka kumlaumu, mlaumuni. Mimi mwenyewe namlaumu kwa mengi. Lakini mwanzieni Colombo, siku ambayo kila mtu alikuwa akimpongeza.

Mzee wenu,
Baharia mstaafu, Mombasa